Mashua Isiyofika Maji ya Chumvi

Tangu enzi za Muyaka bin Haji wa Mombasa, na bila shaka kabla yake, washairi wetu wamekifanya chombo kuwa mwili wa mawazo yao. Dola ni chombo, ndoa ni chombo, moyo ulioelemewa ni dau lililopakiwa kupita kiasi. Siku hizi mtindo huo umepanda bara. Hupokea tungo za vijana wa Mwanza, wa Bukoba na wa Kigoma, nami hukuta humo bamvua, joshi na kusi, maneno ambayo maji waliyozaliwa kando yake hayana. Sisemi wasiyatumie. Nauliza tu kinachompata neno la chombo linapohamishwa kutoka maji ya chumvi hadi maji baridi, na kinachompata mwenye neno hilo siku anaporudi kwenye chumvi. Nitajibu kwa kisa cha mashua moja, kwa kuwa maneno hayatembei yenyewe. Hubebwa na watu, na mara nyingine watu hao hulipia mzigo huo kwa uhai wao.

Nianze na maji. Lugha yetu imeyagawa kwa ulimi. Upande mmoja yapo maji ya chumvi, upande wa pili yapo maji baridi, na hilo *baridi* halihusu joto. Maji ya ziwa yanaweza kuwa vuguvugu saa saba mchana nayo bado ni maji baridi, yaani hayana chumvi. Na neno *ziwa* lenyewe, kwa sisi tuliozaliwa Pangani, lilikuwa dimbwi la kunyweshea mbuzi. Ndiyo maana wafanyabiashara wa pwani waliofika Tanganyika katikati ya karne ya 19 hawakuridhika kuyaita yale maji ziwa. Waliyaita bahari, bahari ya Ujiji. Walipoona maji yasiyo na ng'ambo, walichukua neno kubwa kuliko yote waliyokuwa nayo, ingawa ulimi uliwakatalia.

Chombo nacho huhisi tofauti hiyo. Maji ya bahari ni mazito kuliko maji baridi kwa takriban asilimia mbili na nusu, kwa hiyo chombo kile kile, kwa shehena ile ile, huzama zaidi kidogo kikiwa ziwani au mtoni, na huinuka kikiingia baharini. Meli za leo zimechorwa ubavuni alama za kikomo cha kupakia, na alama ya maji baridi huwa juu ya ile ya maji ya chumvi kwa sababu hiyo hiyo. Halafu yako mambo ya mbao. Maji ya chumvi huhifadhi mbao lakini yana wadudu wanaoitoboa mpaka ikawa kama sega la nyuki. Maji baridi hayana balaa hilo, ila mbao huoza humo taratibu. Kwa chuma ni kinyume kabisa, chumvi ndiyo adui. Meli ya Götzen, ambayo leo twaijua kwa jina la Liemba, ilizamishwa na Wajerumani katika Tanganyika mwaka 1916, mitambo yake ikiwa imepakwa mafuta mazito, ikaopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Sidhani kama ingelala miaka hiyo yote chini ya bahari ingeamka vile.

Kwa hiyo fundi wa pwani akiletewa chombo cha maji baridi akitie baharini, hana budi kukitendea kana kwamba ni kipya. Atakikausha, atakikalafati nyufa zote kwa pamba, atakipaka deheni upande wa chini, na kila baada ya muda atakipandisha tena akipake upya. Na huko kupandisha, baharini si kazi ya misuli. Husubiriwa bamvua, chombo husogezwa hadi maji yanapofika mwisho, kisha maji yakipwa kinabaki mchangani kimesimamishwa kwa magadi, mafundi wanazunguka chini yake na makopo ya deheni. Mwezi ndio umefanya kazi ya watu hamsini. Ziwani hakuna kupwa wala kujaa kwa namna hiyo. Huko mashua hukokotwa kwa mabega na nyimbo. Neno *bamvua* halikufika Ukerewe kwa sababu hapakuwa na kitu cha kulipa neno hilo kazi.

Sasa mashua yenyewe.

Mwaka 1874 Henry Morton Stanley, akilipwa na gazeti la Daily Telegraph la London na New York Herald la Marekani, aliagiza mashua kwa fundi James Messenger wa Teddington, kando ya mto Thames. Ilikuwa na urefu wa futi 40, upana wa futi 6 na kina cha inchi 30, ya mbao za mwerezi zisizofika nusu inchi kwa unene, nayo iligawanywa vipande vitano vya kubebwa. Aliipa jina Lady Alice, jina la binti wa Kimarekani aliyemwahidi kumngoja. (Binti huyo aliolewa na mtu mwingine Stanley akiwa bado ndani ya bara, barua hazikuwa na mashua.) Jambo moja hunivutia kuliko jina hilo. Teddington ndipo mahali ambapo nguvu ya bahari hukoma katika mto Thames. Chini ya hapo maji hupwa na kujaa. Juu ya hapo ni mto mtupu. Mashua hiyo ilizaliwa kwenye mpaka wenyewe wa kupwa na kujaa.

Ilipofika Unguja ilionekana kuwa nzito mno, ikabidi fundi aigawe upya. Tarehe 17 Novemba 1874 msafara uliondoka Bagamoyo, watu wapatao 350, wengi wao wangwana wa Unguja pamoja na Wanyamwezi. Wabebaji wa mashua walichaguliwa miongoni mwa wenye maungo makubwa, wakalipwa zaidi ya wenzao, kwa sababu mzigo wa kitambaa waweza kuegemezwa mtini mbebaji akapumua, lakini ubavu wa mashua katika njia nyembamba ya kichaka hunasa kila tawi. Walipita Ugogo kwenye mvua na njaa. Mmoja wa Wazungu watatu waliofuatana na Stanley, Edward Pocock, alikufa njiani. Nduguye Frank alimzika. Ndugu hao wawili walikuwa watu wa mashua, walilelewa kwenye mto Medway huko Kent, ambako bahari huingia na kutoka kila siku. Tarehe 27 Februari 1875 msafara uliwasili Kageye, kijiji cha mwambao wa kusini wa Viktoria, mashariki ya Mwanza. Vipande vikaunganishwa kwa parafujo.

Hapo ndipo kilipotokea kituko ambacho kila mara nilikisimulia darasani, katika miaka niliyofundisha kando ya ziwa hilo. Stanley alitaka mabaharia wa kujitolea waende naye kulizunguka ziwa. Alikuwa na watu wa Unguja, watoto wa kisiwa, waliolala na kuamka kwa sauti ya mawimbi. Hakuna aliyejitokeza. Walinyamaza wote, wakasema wao si watu wa majini. Stanley mwenyewe alijua kuwa miongoni mwao wamo mabaharia, akawateua kwa kuelekezwa, watu kumi na nahodha wao, Safeni.

Wanafunzi wangu, wana wa wavuvi wa Ukerewe na Ukara, walicheka sana kila wakisikia kisa hicho. Kwao ilikuwa wazi kwamba watu wa pwani ni waoga. Mimi nina maelezo mengine. Baharia wa Unguja si mtu anayejua *maji*. Anajua mwamba fulani na mkondo fulani. Anajua kwamba kusi itavuma miezi fulani na kaskazi miezi mingine, na kwamba maji yakimkwamisha asubuhi yatamnyanyua jioni. Toa hayo yote, mbakishie upana mtupu na mawimbi mafupi yanayofuatana bila nafasi, na anga inayogeuka kuwa dhoruba kwa robo saa, na wenyeji asiojua lugha yao. Amebaki na nini cha ubaharia wake? Alisema kweli aliposema si mtu wa maji yale.

Waliondoka tarehe 8 Machi, wakarudi baada ya siku zinazokaribia 60, wakiwa wamelizunguka ziwa lote na kuthibitisha kwamba ni moja. Katika kisiwa cha Bumbire, mwishoni mwa Aprili, mashua ilikamatwa na kuburutwa nchi kavu na watu waliokuwa na kila sababu ya kutomwamini mgeni mwenye bunduki. Makasia yalichukuliwa. Safeni alitumwa kuzungumza nao. Kisha mabaharia waliisukuma mashua majini kwa nguvu moja, wakang'oa mbao za sakafu yake kuwa makasia, na Stanley akapiga risasi. Miezi michache baadaye alirudi Bumbire na jeshi akaua watu wengi kutoka majini, wao wakiwa ufukoni na mikuki. Hata kwao Uingereza walikuwapo waliomlaani. Nayataja hayo kwa sababu karibu kila tunachokijua juu ya mashua hii kimetoka katika kalamu yake, na msomaji hana budi kujua kalamu hiyo ilishikwa na mkono gani.

Nitue tanga kidogo hapa nirudi kwenye maneno. Wangwana kama hao, kabla na baada ya Lady Alice, walitia lugha yetu katika maji ya bara. Baadhi ya maneno yalinyauka. *Kubisha*, kwa mfano. Kwa baharia, chombo kinabisha kinapokwenda mshazari, mara huku mara huku, ili kisonge mbele dhidi ya upepo. Nilipouliza darasani maana ya kubisha nilipewa mbili, kupiga hodi na kukataa hoja. Ya tatu haikuwamo, ingawa naamini ndiyo inayozieleza vizuri hizo mbili nyingine: mwenye kubisha hasimami, anatafuta njia ya kuingia penye upepo wa mbele. *Joshi* na *demani*, pande mbili za chombo kwa upepo, nazo hazikujulikana.

Lakini mengine yalipona kwa kubadili kazi. Mtoto wa Musoma ambaye hajawahi kuona jahazi husema *kaskazini* na *kusini* kila siku, na ndani ya maneno hayo kuna pepo mbili za Bahari ya Hindi zilizozileta merikebu za Arabuni na India na kuzirudisha. Pepo zenyewe hazikufika Musoma, lakini mahali zilikotoka pakawa dira ya nchi nzima. Na ziwa nalo halikukaa likipokea tu. Pale wavuvi wanaposhushia samaki, sisi wa pwani twapaita diko. Kwenye ziwa Viktoria ni *mwalo*, na leo neno hilo limo katika nyaraka za serikali. Chombo chenyewe Wahaya wanakiita *obwato*, Waganda *eryato*, neno la kale la Kibantu ambalo Kiswahili sanifu hakinalo, pamoja na wingi wetu wa madau, mashua, ngalawa, mitumbwi na mitepe. Mshairi wa Bukoba anayelala juu ya neno kama hilo kisha akaja kukopa bamvua kwangu, mimi humuuliza kwa nini anaacha shamba lake likimea magugu.

Mashua iliendelea. Mwaka 1876 ilibebwa hadi Ujiji, ikalizunguka Tanganyika kwa siku 51. Ikavushwa, ikabebwa tena hadi Nyangwe kwenye mto Lualaba. Huko Tippu Tip alikubali kuusindikiza msafara kwa muda, kisha akarudi, na mwisho wa Desemba 1876 mashua ikaachiwa mto ikiwa na kundi la mitumbwi nyuma yake. Hakuna aliyekuwa na hakika mto unakwenda wapi. Ungeweza kuwa Nile. Ungeweza kuwa Kongo. Nahodha wa mashua sasa alikuwa Uledi, baharia aliyewaokoa wenzake wengi kwa kujitosa majini pale wengine walipobaki wakitazama.

Mto uligeuka magharibi. Ulikuwa Kongo. Katika maporomoko ya chini, tangu Machi hadi Julai 1877, msafara ulikwenda mwendo wa konokono, mara nyingine ukiipandisha mitumbwi juu ya vilima na kuishusha tena. Kalulu, kijana ambaye Stanley alikuwa amempeleka hadi Uingereza, alizama huko Machi na wenzake kadhaa. Tarehe 3 Juni alizama Frank Pocock, mwana wa Medway, baharia wa chumvi aliyeuawa na maji baridi. Watu waliobaki walikuwa na njaa na vidonda. Walichokuwa wakikiuliza kila kijijini ni kimoja tu, bahari iko wapi.

Mwishoni mwa Julai walifika Isangila. Mwaka 1816 nahodha Tuckey wa Uingereza alikuwa amefika hapo akipanda kutoka baharini, kwa hiyo Stanley alipolitambua jina alijua kwamba swali la mto limekwisha. Mbele yake palikuwa na maporomoko mengine na nchi yenye njaa. Nchi kavu hadi Boma ilikuwa mwendo wa siku chache. Lady Alice haikuwa na kazi tena. Iliinuliwa ikawekwa juu ya majabali, mbali kidogo na maporomoko, ikaachwa ikauke na jua. Mashua iliyobebwa mabegani kutoka bahari moja, ikapita maziwa mawili makuu na mto mkuu, haikutiwa katika chumvi ya bahari ya pili. Mafundi wa kuipaka deheni hawakuhitajika.

Lakini aliyenifanya niandike makala hii si mashua, ni Safeni. Katika siku hizo za mwisho, habari ilipoenea kambini kwamba bahari i karibu, nahodha yule wa ziwa Viktoria alimjia Stanley akiwa na furaha isiyo ya kawaida. Alimshukuru Mungu, alilia, aliishika miguu ya Stanley, akasema wamefika baharini, wamefika nyumbani. Kisha akamweka kasuku wake begani akakimbia msituni ili awatangulie. Walipotambua kwamba akili imemtoka, watu walitumwa kumtafuta. Hawakumpata, wala hakuonekana tena.

Nimefikiri mara nyingi juu ya neno alilolishika, *bahari*. Masikio ya Safeni hayakusikia kwamba kuna bahari mbili. Kwa mtu wa Unguja, bahari ni ile moja iliyo mlangoni kwake, yenye Shangani upande mmoja na Bagamoyo ng'ambo. Aliposikia bahari alisikia nyumbani, na nyumbani kulikuwa upande wa pili kabisa wa bara la Afrika. Hakuna neno la jiografia ambalo lingemrudisha. Nina hakika lugha ndiyo iliyomchukua, pamoja na njaa.

Waliobaki waliingia Boma tarehe 9 Agosti 1877, baada ya Uledi na wenzake kutangulia na barua ya kuomba chakula. Hata hapo maji yalikuwa bado baridi. Mto Kongo husukuma maji yake mbali ndani ya Atlantiki, kwa hiyo hata mdomoni mwake chumvi huja kwa kuchelewa. Kutoka hapo walichukuliwa Kabinda, kisha Luanda, kisha Simon's Town kusini kabisa, ambako manowari ya Uingereza iliwapakia tena. Kwa mara ya kwanza tangu Novemba 1874 walikuwa juu ya maji wanayoyajua, wakilizunguka bara kwa chombo cha mvuke, bila ya kuwa na kamba hata moja ya kuvuta. Uledi alikuwamo. Tarehe 26 Novemba 1877 waliiona Unguja. Kati ya wale wapatao 350 walirudi zaidi kidogo ya mia moja, na kwa siku kadhaa Stanley aliketi akilipa mishahara, ya walio hai na ya waliokufa, kwa jamaa waliokuja kudai.

Miongoni mwa walioshuka alikuwamo mke wa Safeni, ambaye Stanley anamwandika Muscati. Alikuwa amebeba ugonjwa wake njia nzima kutoka Kongo. Alifikishwa kwa baba yake, akamtambua, akajua kwamba yuko nyumbani, akafia mikononi mwake.